Mwalimu Aliyeogopa Ng'ombe

Stanslaus Mihayo aliogopa ng'ombe. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe alilificha maisha yake yote, na mimi sikuwahi kumwahidi kwamba nitamsaidia kulificha. Msukuma mzima, mrefu wa kuezeka nyumba bila ngazi, lakini akikutana na ndama njiani anasimama, anatazama mawingu kama mtu anayepima mvua, na hasogei mpaka ndama apite. Baba yake alikuwa mpishi wa misheni. Ng'ombe aliyemzoea tangu utotoni ni yule aliyekwisha kuingia kwenye sufuria.

Na huyu ndiye aliyejitolea kutufundisha kusoma sisi watoto wachunga ng'ombe wa kijiji cha Didia.

Ilikuwa mwaka 1937. Yeye alikuwa darasa la sita katika shule ya misheni, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka kwetu. Masomo yao yalikwisha saa nane mchana. Wenzake walikwenda kulala au kuiba mapera. Yeye alimwagilia bustani ya Padri, kisha akaja mbugani kwetu jua likiwa bado kali, viatu vyake amevining'iniza shingoni visichakae. Hakutumwa na mtu, wala hakupata hata kikombe cha maziwa, maana alitaka tumletee mbali na ng'ombe, nasi tulizoea kuyanywa pale pale kwenye kiwele. Padri alimruhusu kwa sharti moja tu: asionekane kwenye ngoma. Misheni haikuzipenda ngoma zetu, na mwanafunzi aliyekutwa anacheza alifukuzwa kesho yake.

Siku ya kwanza alikuwa anapita tu. Alimkuta mwenzetu mmoja amejifunga gunia kuukuu la dukani, ambalo mwenye duka alikuwa ameliandika kwa rangi nyeusi.

"Mgongoni umeandikwa nini?" akamwuliza.

"Sijui. Ni urembo."

"Umeandikwa CHUMVI."

Tulicheka mpaka mbuzi wakashtuka, na yule mtoto aliitwa Chumvi mpaka anazikwa. Lakini Stanslaus hakucheka. Niliuona uso wake. Mtoto anatembea na neno mgongoni na hajui ni neno gani: jambo hilo lilimuuma kama vile amemkuta mtu ana jeraha. Kesho yake akarudi, akachora herufi mchangani kwa kijiti, na sisi tukakaa chini kumtazama kwa sababu hatukuwa na jambo lingine la kutazama.

Mimi, Limi, nilikuwa na miaka kumi hivi, na nilikuwa na sababu yangu ya kukaa chini.

Nyumbani kwetu kulikuwa na barua. Baba yangu, Mabula, alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita mwaka uliotangulia. Mwezi wa sita, wakati tunapura mtama, mpita njia mmoja akamletea mayu, yaani mama yangu, karatasi iliyokunjwa mara nne, akasema, "Imetoka kwa mumeo." Wiki tatu baadaye baba mwenyewe akafika, amekonda, hana dhahabu, ana blanketi jipya. Alipoiona ile barua bado imekunjwa, badala ya kufurahi akashtuka.

"Imesomwa?" akauliza.

"Nani aisome?" mayu akamjibu.

"Basi ichomeni. Ni salamu tu. Mimi si nimefika?"

Ningekuwa mimi ni baba, ningesema, "Hata sikumbuki niliandika nini," nikala ugali wangu. Ukimwambia mwanamke achome barua, umemwambia ndani yake kuna kitu. Mayu akasema, "Haya," akaenda akaificha kwenye kibuyu cha mbegu, na tangu siku hiyo hakulala vizuri. Ameoa mke mwingine huko? Ana deni? Ana mtoto? Mtu pekee aliyesomea watu barua kijijini alikuwa Mzee Akida mwenye duka, Mwislamu wa mjini, mtu mwema kabisa, lakini alikuwa na sauti ya mwadhini na alisoma akiwa amesimama kibarazani. Barua ikisomwa kwa Akida, hata wateja wa kibiriti waliondoka nayo. Nikamwambia mayu tumpe Stanslaus.

"Maneno ya mume wangu," akasema, "hayapiti kwenye kinywa cha kijana ambaye hajaoa. Jifunze wewe. Nitangoja."

Basi nikajifunza. Kila siku jua likishuka mayu aliniuliza, "Bado?" nami nikamjibu, "Bado, mayu." Baba alinitazama kwa jicho la wasiwasi nikirudi na vumbi la herufi magotini.

"Mtoto wa kike akijua kusoma, atasoma nini?" alisema. "Ng'ombe?"

Hakujua alivyopatia. Tatizo la kuandika mchangani ni kwamba mtoto anayetazama chini hachungi, na mara mbili ng'ombe wetu waliingia kwenye shamba la watu wakati tunajifunza herufi E. Ndipo tukapata akili ya kuandika herufi kwenye ng'ombe wenyewe, kwa udongo mweupe uliolowa. Hivyo ulichunga na kusoma kwa wakati mmoja. Stanslaus alichora chini, akiwa amesimama mbali penye usalama, nasi tukanakili ubavuni. Ukitaka kusoma K unalifuata lile dume jekundu. Ukitaka L, unamgeuza yule aliyekatika sikio. Tulikuwa tukingoja wapange mstari mtoni wakinywa maji, tuone kama watatengeneza neno. Katika miezi minne walitengeneza BA mara moja tu, tukashangilia mpaka wakatawanyika.

Wakati mwingine mmoja wao alimsogelea mwalimu kwa nyuma, akamnusa shingo. Stanslaus alikauka. "Endeleeni," alituambia kwa sauti nyembamba sana. "Rudieni wenyewe. Ba, be, bi." Tulimwonea huruma, lakini pia tulikuwa watoto, na nakiri kwamba yule ng'ombe hakuwa anajisogeza mwenyewe kila siku.

Mambo yaliharibika siku ng'ombe wa Mwanangwa alipochanganyika na wetu akarudi kwake na herufi G ubavuni. Mwanangwa ndiye aliyekuwa mkuu wa kijiji chini ya mtemi, na kitu alichokijua kuhusu alama kwenye ng'ombe ni kwamba aliyeweka alama ndiye mwenye mali. Akamwita Stanslaus, na sisi tukafuata nyuma.

"Shikamoo, baba," Stanslaus akasema.

"Marahaba. Hii ni alama ya nani?"

"Ni G, baba."

"G ni mtu wa wapi?"

"Si mtu, baba. Ni sauti."

Mwanangwa akamzunguka ng'ombe wake polepole. "Sauti ya nani imekaa kwenye ng'ombe wangu?"

Ilichukua mchana mzima kumwelewesha, na alipoelewa akasema kusoma ni jambo jema lakini kutafutiwe pa kukaa. Mvua zilikuwa karibu, na mvua ikinyesha udongo mweupe haushiki kwenye ng'ombe. Kulikuwa na banda la pamba, lililobaki tupu baada ya wanunuzi kuondoka. Stanslaus akaliomba pale pale.

"Umechelewa," Mwanangwa akasema. "Limekwisha kuombwa jana na Sabiti."

Sabiti alikuwa mpwa wa Mzee Akida, mwanafunzi wa shule ya mjini Shinyanga, aliyeletwa kwa mjomba wake kuuguza mguu, na mguu ukapona siku ya pili. Yeye naye alijitolea kwa watoto, nisimnyime haki yake. Alituchezesha kwata, alipuliza tarumbeta, na zaidi ya yote alikuwa na mpira wa ngozi, mpira wa kweli, unaodunda. Alikuwa kijana mzuri, mcheshi, na hakuogopa mnyama yeyote. Alitaka banda liwe la mazoezi wakati wa mvua. Wengi wa wanafunzi wa Stanslaus walikuwa wanafunzi wake hadi tarumbeta ilipolia.

Mwanangwa alikuna kidevu, kisha akaamua kesi kwa njia aliyoijua. Kwetu Usukumani ngoma hushindana hivi: makundi mawili yanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watu wako huru kuhama. Jua likizama, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Hakuna anayeuliza nani alicheza vizuri.

"Jumamosi," akasema. "Wewe fundisha huku, yeye afundishe kule. Katikati nitaweka mstari wa miiba. Jua likizama nitatazama watu wamesimama upande gani. Mshindi anachukua banda. Mshindwa aache kuwasumbua watoto, wachunge."

Aache kuwasumbua watoto! Mimi nilikuwa ninasoma maneno ya silabi mbili tu, tena kwa kusimama njiani kupumua, na barua ya mayu nilikuwa nimeichungulia mara moja: ilijaa maneno marefu, yamefuatana kama siafu.

Babu yangu, guku Mageni, baba yake baba, aliposikia habari hii akafufuka. Alikuwa kiongozi wa ngoma kwa miaka thelathini, na katikati yake akawa mpagazi wa vita vya Wajerumani na Waingereza, ambako alipata Kiswahili na kupoteza sikio moja. Akaja mbugani kumtafuta Stanslaus kama mtu anayetafuta mchezaji mpya.

"Watu hawaji kwa sababu unajua," akamfundisha. "Wanakuja wakiona kitu ambacho hawajui kitaishaje. Nitakuletea chatu."

"Hapana, guku. Asante."

"Ni mpole. Amekula juzi."

"Padri hatakubali."

"Basi nungunungu. Unacheza naye mdomoni, hivi." Akaonyesha.

"Guku, mimi ninafundisha kusoma."

"Hilo ndilo tunalojaribu kuliponya," guku akasema. Akajaribu tena: sanamu ya mti inayonyanyua mikono, dawa ya kuvuta watu, manyoya ya mbuni. Stanslaus alikataa yote kwa adabu, jasho likimtoka, maana nyuma ya guku lilikuwa limesimama dume jekundu lenye K. Mwisho guku akaniambia kando, "Mwalimu wako ni mtu mzuri sana. Tumekwisha."

Jumamosi ilifika. Watu walikuja hata kutoka Samuye, kwa sababu walisikia kuna mashindano na hakuna aliyeuliza ya nini. Wanawake walileta maharage, wazee walileta vigoda. Tulianza vizuri. Watoto ishirini na nane tulisimama upande wetu tukaimba herufi zote kwa pamoja, na watu wakapiga makofi, hasa wale waliodhani bado tunapasha moto na wachezaji wako njiani. Kisha Stanslaus akajikohoza, akasema, "Sasa tutarudia."

Ng'ambo ya miiba tarumbeta ikalia. Sabiti akaupiga mpira juu, juu kabisa, ukakaa hewani, ukadunda katikati ya uwanja. Chumvi alikuwa wa kwanza kuruka miiba. Hakugeuka hata nyuma. Baada yake walikwenda watano, kumi, kisha mama zao, kisha wazee na vigoda vyao. Golini kwa Sabiti alisimama baba yangu mzazi, amejifunga shuka kiunoni, anadaka mashuti ya watoto kwa furaha ya mtu ambaye anaona tatizo lake linakufa mbele yake. Sijawahi kuwa na hasira na mtu kama nilivyokuwa nayo siku ile, na nimeolewa mara mbili.

Jua lilipofika kwenye vichwa vya migunga, upande wetu tulikuwa mimi, guku, mayu, Stanslaus, na ng'ombe ishirini na wawili, ambao Mwanangwa alikwisha kusema hawahesabiwi. Stanslaus alikuwa ameshika kijiti chake. Hakulia, lakini alikuwa anafuta herufi za mchangani kwa mguu, moja moja, taratibu, kuanzia Z.

"Limi," akaniambia, "umejitahidi sana. Nisamehe."

Hapo mayu akainuka. Akafungua fundo la kaniki yake kiunoni, akatoa ile karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye punje mbili za mtama.

"Soma," akaniambia.

"Mayu, bado. Sijui maneno marefu."

"Kesho hutakuwa na mtu wa kukufundisha hata mafupi. Soma leo, unavyojua."

Stanslaus akanyoosha mkono kunisaidia, mayu akamtazama, kijana akaurudisha mkono. Akasimama kando kama mtu anayemwona mwanawe anavuka mto. Nikaifungua barua. Mwandiko ulikuwa wa karani, umelala upande mmoja, lakini herufi zilikuwa zile zile. Yule pale K. Yule pale L aliyekatika sikio. Nikaanza, silabi moja moja, kama mtu anayetoa mawe kwenye njia.

"Ma-ma Li-mi. M-ke wa-ngu."

"Anasema nini?" guku akauliza, akinitegea sikio zima.

"Mama Limi, mke wangu."

Sasa, guku alikuwa na tabia moja. Miaka thelathini ya kuongoza ngoma ilimfundisha kwamba neno likifika kinywani linatolewa liwafikie watu wa nyuma kabisa. Mayu hakukijua Kiswahili cha barua, ambacho mimi nilikipata kwa Stanslaus, kwa hiyo guku akamgeuzia kwa Kisukuma, akidhani anamnong'oneza. Uwanja mzima ulisikia: "MABULA ANASEMA: MAMA LIMI, MKE WANGU!"

Golini, baba akageuza shingo. Mpira ukapita pembeni yake ukaingia.

"Mimi hu-ku ni mgo-njwa wa ho-ma," nikasoma. "Na karani ana-sema niseme ha-raka, kuna watu ku-mi nyu-ma yangu."

Guku akatangaza. Mwanamke mmoja ng'ambo akaacha maharage yake. "Ni barua ya nani?" akauliza. "Ya Mabula? Huyu huyu aliyeko golini?" Akaruka miiba.

"Ni-likuambia uji wako ni mwe-pesi. Ni-likosea. Huku tunapi-kiwa na mwanamume. Uji wa huku ndio mwe-pesi. Ni-meuonja u-ji wa du-nia, wako ni mzi-to."

Hapo kilitokea kitu ambacho guku hakuwahi kukipata hata kwa chatu. Wale waliojua Kiswahili, watu wa duka na waliowahi kwenda migodini, walicheka mara nilipomaliza. Guku akageuza, na wengine wote wakacheka upya, na wale wa kwanza wakacheka tena kuwasindikiza. Kila sentensi ya baba yangu ilimpiga mara mbili. Watu walikuwa wanavuka miiba kwa makundi, wanaume wakijifanya wanafuata wake zao, wake wakijifanya wanafuata watoto. Chumvi akarudi, akakaa mstari wa mbele bila haya.

Na baba akaja mbio. Alipita katikati ya watu, shuka limemlegea, mkono mbele. "Lete hiyo! Limi! Lete hapa!"

Nilikumbatia karatasi. Kati yake na mimi palikuwa na mtu mmoja tu, naye alikuwa Stanslaus. Nyuma ya Stanslaus, hatua mbili tu, lilikuwa lile dume jekundu. Akitaka kumpisha baba, alikuwa na nafasi. Akitaka kuziba njia ya kunifikia, ilibidi arudi nyuma hatua mbili mpaka mgongo wake uguse pembe. Akarudi nyuma hatua mbili. Akaegemea ng'ombe, akanyoosha mikono yote miwili, akasema kwa ile sauti yake nyembamba:

"Samahani, baba. Mtoto anasoma."

Baba alikuwa na nguvu za kumnyanyua na kumweka pembeni kama kigoda. Lakini watu wote walikuwa wamesimama wanamtazama, na mayu, bila kuinua sauti, akasema, "Mwache amalize, Baba Limi. Au kuna mke mwingine?"

"Hakuna mke mwingine," baba akasema, akitazama chini.

"Basi mwache."

Nikaendelea. Herufi hazikukimbia.

"Yule mbu-zi mweu-si aliye-potea, a-mbaye Limi alichapwa kwa sa-babu yake..." Nikarudia kimya kimya kwa macho. Nikamtazama baba.

"Endelea!" watu wakapiga kelele. "Mbuzi kafanyaje?"

"...haku-potea. Nili-muuza mimi. Ni-kanywa po-mbe. Limi ani-samehe."

Nilichapwa fimbo sita kwa ajili ya mbuzi yule, na aliyezihesabu ni yeye. Guku alipogeuza sehemu hiyo aliongeza maneno yake mwenyewe kuhusu namna alivyomlea mwanawe, maneno ambayo hayakuwa kwenye barua. Watu walishika mbavu. Hata Sabiti alikuwa amekuja, mpira kwapani, tarumbeta imening'inia, anacheka mpaka machozi.

Lakini nilipofika chini ya ukurasa sikucheka, na guku naye alianza kugeuza kwa sauti ya kawaida, ambayo sikujua kama anayo.

"Usiku homa iki-panda ninasikia u-navyo-kohoa kidogo kabla ya kuni-fungulia mla-ngo. Nina-amka kui-tikia, sioni mtu. Jana nililia, nika-sema ni mo-shi. Niki-pona nitarudi. Niki-rudi sita-weza kuya-sema haya, kwa hiyo yaweke. Ni mi-mi Ma-bula, mumeo."

Hakuna aliyecheka. Mayu aliichukua ile karatasi mkononi mwangu, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye kaniki, akaondoka kwenda nyumbani bila kumtazama mtu. Mwanangwa alilitazama jua, akatazama ng'ambo ya miiba, ambako alikuwa amebaki mbwa mmoja, akasema banda ni la Stanslaus. Sabiti alikuja kumpa mkono. "Kaka, leo umenifunga," akamwambia. "Barua nyingine mtasoma lini?" Ndani ya wiki ile wanawake kumi na mmoja walileta watoto wao bandani, kila mmoja na karatasi yake aliyokuwa ameificha kwenye paa, na Sabiti aliruhusiwa kuwachezesha mpira nje mvua ikikatika.

Lakini nataka kumalizia siku ile ile, jua likiwa limezama na vumbi bado jekundu. Tulikuwa tunarudisha ng'ombe. Baba alijikokota nyuma, akatembea, akasimama, akatembea. Mwisho akamwita Stanslaus.

"Mwalimu," akamwambia, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "nisindikize mpaka mlangoni."

"Mimi, baba? Kwa nini?"

"Ninaogopa."

Stanslaus akatazama ng'ombe ishirini na wawili waliojaza njia yote mpaka kwetu. Akafikiri. "Na mimi ninaogopa," akasema. "Nishike mkono upande huu."

Wakaenda hivyo, wanaume wawili wameshikana mikono katikati ya kundi, baba akisukuma ng'ombe kwa kiwiko ili mwalimu apite, mwalimu akimsukuma baba kwa bega asirudi nyuma. Mimi nilikuwa nyuma yao na fimbo, na kwa ajili ya yule mbuzi niliamua sitamsemesha baba neno mpaka mwaka uishe.

Mlango ulikuwa umefungwa. Moshi ulitoka kwenye paa, na harufu ya uji. Baba akaachia mkono wa Stanslaus, akasimama mbele ya mlango wake kama mgeni aliyepotea njia. Akainua mkono kubisha, akaushusha. Tulisimama sote, hata ng'ombe.

Ndani, mayu akakohoa kidogo.

"Ndiyo," baba akaitikia. "Ni mimi."

Mlango ukafunguliwa, akaingia, ukafungwa. Nilibaki nikiutazama, na nadhani nilikuwa nalia, nikasema ni vumbi. Ndipo nikasikia nyuma yangu sauti nyembamba ikiniita kwa jina, mara mbili, kwa adabu kubwa. Ng'ombe walikuwa wamemzunguka mwalimu wangu pande zote, wanamnusa, yeye amesimama katikati na mikono juu, viatu vyake shingoni. Nikapita kati yao, nikamshika mkono, nikamtoa.